Kazi ya mbali inataka mdhamini

Kijana aliye Nakuru au Dodoma, mwenye kompyuta mpakato na bando la kutosha, leo anaweza kupanga miadi ya daktari wa meno wa Manchester, kujibu barua pepe za mshauri wa fedha wa Toronto na kuandaa ankara za duka la nguo la Dubai, yote kabla ya kwenda kulala. Hiyo ndiyo kazi ya msaidizi wa mtandaoni: ukatibu, hesabu ndogondogo, huduma kwa wateja na utunzaji wa kalenda, vikifanywa na mtu ambaye bosi wake huenda hajawahi kumshika mkono. Ukiuliza kazi hii imetoka wapi, wengi watakuambia imeletwa na intaneti. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu inayokosekana ndiyo inayotugharimu. Intaneti imeleta njia. Taaluma, kwa maana ya kazi yenye bei, kipimo na heshima, imejengwa na watu waliosimama kati ya mteja na mfanyakazi wakasema: kazi hii ikiharibika, nidai mimi. Huo ndio mchango wa mjasiriamali katika jambo hili, na sisi wa Afrika Mashariki, tuliopokea nyaya za intaneti kwa shangwe, bado hatujaupa uzito wake.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa miaka thelathini kabla intaneti haijaingia majumbani. Vera Buchthal alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, mtoto wa jaji Myahudi. Mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka mitano, alipandishwa treni pamoja na dada yake, wakapelekwa Uingereza na msafara uliookoa watoto wa Kiyahudi kutoka kwa Wanazi, na huko akalelewa na familia iliyompokea. Baadaye alibadili jina, na baada ya kuolewa akajulikana kama Stephanie Shirley. Alianza kazi katika kituo cha utafiti cha Posta ya Uingereza kilichokuwa Dollis Hill, London, akasoma shahada ya hisabati kwa masomo ya jioni, kisha akahamia kampuni ya kompyuta. Kote alikutana na ukuta uleule: mwanamke alipandishwa cheo mpaka mahali fulani, basi. Mwaka 1962 akaacha kazi, akaanzisha kampuni yake, Freelance Programmers, kwa mtaji wa pauni 6, ofisi ikiwa meza ya kulia chakula nyumbani kwake.

Alichokiona ni hazina iliyoachwa bila mwenyewe. Uingereza ilikuwa na wanawake waliofundishwa kuandika programu za kompyuta, ambao walitoka kazini walipoolewa au walipojifungua, na waajiri hawakuwataka tena. Shirley aliwaajiri wafanye kazi nyumbani, kwa saa walizoziweza wenyewe. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba mwombaji awe na simu nyumbani. Kati ya wafanyakazi 300 wa mwanzo, 297 walikuwa wanawake. Wanaume waliongezeka baada ya sheria ya mwaka 1975 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia kazini, sheria iliyotungwa kuwalinda wanawake na ambayo, kwake yeye, ilimlazimu kufungua mlango kwa wanaume.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mama aliketi na penseli na karatasi, akachora hatua za kazi moja baada ya nyingine, kisha akaandika maagizo ya kompyuta mstari kwa mstari kwa mkono. Karatasi zikatiwa kwenye bahasha, zikaenda kwa posta mpaka kituo ambako maagizo yalitobolewa kwenye kadi au utepe wa karatasi. Yakatobolewa mara ya pili ili kuhakikisha hakuna tundu lililokosewa, ndipo yalipoingizwa kwenye kompyuta. Mwandishi wa programu angeweza kumaliza kazi nzima bila kuiona mashine itakayoitumia. Simu ya mteja ilipolia nyumbani kwa Shirley, aliwasha kinasa sauti kilichokuwa na mlio wa taipureta ili kufunika kilio cha mtoto, na mteja aamini kwamba upande wa pili kuna ofisi yenye shughuli nyingi. Barua zake za kutafuta kazi zilipokosa majibu, mumewe alimshauri atie saini kwa jina la Steve. Majibu yakaanza kuja. Wengi wa marafiki zake waliendelea kumwita Steve mpaka alipofariki, Agosti 2025, akiwa na miaka 91.

Visa hivyo vya saini na kinasa sauti ndivyo vinavyosimuliwa sana, lakini vingebaki ujanja mtupu kama nyuma yake kusingekuwa na kitu kingine. Shirley aliamua kuuza kazi kwa bei iliyokubaliwa mapema, jambo ambalo lilikuwa geni katika biashara ya programu wakati huo. Hakumuuzia mteja saa za mama aliye nyumbani. Alimuuzia kazi iliyokamilika, kwa tarehe na kwa gharama iliyoandikwa kwenye mkataba. Uamuzi huo mmoja ulibadili kila kitu. Mteja hakuwa tena na haja ya kuuliza kazi inafanyikia wapi, saa ngapi, au kama anayeifanya ana mtoto mgongoni. Na kampuni, kwa kuwa ilijifunga kwa bei, ililazimika kujua kwa hakika kila kazi inachukua muda gani, nani aikague, na viwango gani vifuatwe ili kazi ya mtu mmoja iweze kuendelezwa na mwingine akiugua. Hivyo ndivyo kampuni ile ikawa na taratibu zake za maandishi za kusimamia kazi, wakati ofisi nyingi za kawaida zilikuwa bado zinategemea jicho la meneja. Wanawake hao waliokuwa majumbani ndio walioandika programu za kisanduku cheusi cha Concorde, ndege ya abiria iliyokuwa na kasi kuliko sauti. Kazi ya namna hiyo haipewi mtu kwa huruma.

Kuna atakayesema kwamba hao walikuwa wataalamu wa kompyuta, na kuwalinganisha na mtu anayejibu barua pepe ni kuvuta mambo yasiyokutana. Ujuzi kweli ni tofauti. Lakini tatizo lililokuwa mbele ya Shirley halikuwa ujuzi, maana wanawake wale walikuwa nao tayari na walikuwa wamekaa nao nyumbani bila kazi. Tatizo lilikuwa mteja asiyewaamini. Msaidizi wa mtandaoni ana tatizo hilohilo, tena kubwa zaidi, kwa sababu yeye hukabidhiwa nywila za benki, majina ya wagonjwa na barua za siri. Mtu anayemwachia mgeni kalenda na kikasha chake cha barua anamwachia nusu ya maisha yake.

Jina la kazi hii lilipoanza kusikika Marekani katika miaka ya 1990, walioikuza walilielewa hilo. Stacy Brice alianzisha AssistU, mahali pa kuwafundisha wasaidizi na kuwakutanisha na wateja. Christine Durst naye alikuwa miongoni mwa walioasisi chama cha kimataifa cha wasaidizi hao. Mafunzo na chama ni vitu vya kale katika kila taaluma, toka uuguzi mpaka uanasheria, na wanawake hao waliviweka mapema, wakati wateja wenyewe walikuwa bado wachache. Kisha mwaka 2007 kikatoka kitabu cha Timothy Ferriss kilichowafundisha Wamarekani kukabidhi shughuli zao kwa wasaidizi wa India kwa malipo madogo, na mahitaji yakapaa. Majukwaa ya kutafutia kazi yakayapokea mahitaji hayo. Elance na oDesk ziliungana, na mwaka 2015 zikachukua jina la Upwork. Wafilipino wakaingia kwa wingi, na Wakenya nao.

Hapa ndipo njia zilipogawanyika. Jukwaa linamkutanisha mteja na mfanyakazi, linashika fedha mpaka kazi iishe, linakata kamisheni, na linamwachia kila mmoja nyota za kumpima mwenzake. Hayo ni mambo ya manufaa na sioni sababu ya kuyadharau. Yamewalipia ada watoto wengi. Lakini jukwaa haliikagui kazi, halifundishi, wala haliweki bei. Bei inawekwa na ushindani wa watu walio peke yao, kila mmoja akishusha kidogo ili aonekane. Mwanzoni mtu hukubali kazi ya karibu bure ili apate nyota ya kwanza, na nyota hizo si mali yake: akifungiwa akaunti asubuhi moja, jioni hana jina. Kile ambacho Shirley alikibeba mabegani mwake, yaani hatari ya kazi kuharibika na mzigo wa kumshawishi mteja, jukwaa limekirudisha kwa msichana aliye chumbani kwake Rongai.

Afrika Mashariki ilipata nyaya zake kwa haraka. SEACOM na TEAMS zilifika pwani yetu mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa Ajira Digital kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni. Kama teknolojia peke yake ingetosha kuzaa taaluma, basi katika miaka hii yote tungekuwa na makampuni yetu ya wasaidizi yanayojulikana London na New York kama maua ya Naivasha yanavyojulikana. Tunao wasaidizi wengi hodari. Makampuni hayo hatuna. Kwa nini, wakati tulikuwa na mtaji mzuri kuliko nchi nyingi? Ukatibu kwetu ni taaluma ya zamani. Matangazo ya kazi za katibu mahsusi serikalini Tanzania yalidai mwombaji awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 80 kwa dakika, na Chuo cha Utumishi wa Umma kimeendeleza mafunzo hayo. Kila ofisa aliyesoma maneno hayo alijua ameletewa mtu wa kiwango gani. Kipimo hicho kiliishia kwenye mlango wa ofisi. Katibu yuleyule akifungua kompyuta nyumbani atafute mteja wa mbali, cheti chake hakisomeki na mtu yeyote, na hakuna kampuni iliyosimama kumwambia mteja maana yake.

Hoja nzito dhidi ya ninayoyasema ni ya watu waliokwisha kuumwa na nyoka. Watasema: mjasiriamali anayekaa kati ya mteja na mfanyakazi tunamjua, anaitwa dalali. Wana ushahidi. Leila Janah alianzisha Samasource mwaka 2008 kwa nia ya kuwapa maskini kazi za kidijitali, na Nairobi ikawa kituo chake kikubwa. Mwaka 2023, miaka mitatu baada ya kifo chake, jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa kampuni hiyo Nairobi waliokuwa wakipanga maandishi ya kutisha kwa ajili ya kuifundisha akili mnemba ya OpenAI walipata chini ya dola 2 kwa saa. Kwa hiyo nia njema ya mwanzilishi si dhamana. Na kampuni ya Shirley yenyewe haikuwa pepo. Wanawake wake wengi walikuwa wafanyakazi huru. Biashara ilipodorora, kazi zao zilipungua, na bila ajira ya kudumu hasara iliwafikia nyumbani.

Lakini tazama alichofanya baadaye. Kidogo kidogo aliwagawia wafanyakazi hisa, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 udhibiti wa kampuni ulipokuwa mikononi mwao. Kampuni ilipoingia Soko la Hisa la London mwaka 1996, waliofaidi ni pamoja na wale waliokuwa wameijenga wakiwa majumbani, na wafanyakazi 70 walikuja kuwa mamilionea. Kilichomtofautisha na dalali ni kwamba alijifunga kwa mteja upande mmoja, na upande wa pili akawapa watu wake sehemu ya umiliki. Dalali hafanyi lolote kati ya hayo mawili. Anayesimama upande mmoja tu, akamridhisha mteja na kumlipa mfanyakazi kinachobaki, huishia pale ambapo Nairobi imeishia, hata akiwa mtu mwema.

Sisi si wageni wa umiliki wa namna hiyo. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda ushirika wao, KNCU, mwaka 1933, mwaka uleule alipozaliwa Shirley, kwa sababu mkulima mmoja mwenye magunia mawili hana sauti mbele ya mnunuzi. Ushirika ulikusanya kahawa, ukaipanga kwa madaraja, ukaiuza kwa jina moja. Kenya leo ina saccos za walimu, polisi na madereva zinazomiliki majengo. Sioni sababu ya msingi ya wasaidizi wa mtandaoni kuwa watu pekee wenye ujuzi wanaouza mmoja mmoja. Ushirika wetu, ni kweli, una historia ya wizi na siasa, na msaidizi aliyezoea kupokea malipo yake moja kwa moja atauogopa. Basi aanze na kampuni ndogo yenye hisa zilizoandikwa. Umbo la kisheria ni jambo la pili. La kwanza ni kwamba pawe na jina moja linalojibu, na faida isiishie kwa mtu mmoja.

Lipo pia swali la akili mnemba, na halikwepeki. Programu za sasa zinaandika kumbukumbu za mkutano, zinapanga safari, zinajibu barua za kawaida. Anayeuza saa za kuchapa ana sababu ya kuhofu, na kumtuliza kwa maneno matamu ni kumdanganya. Lakini programu ikimtumia mgonjwa majibu ya mgonjwa mwingine, nani anapigiwa simu? Mteja atahitaji mtu wa kuikagua mashine, wa kuamua lipi lisijibiwe kabisa, na wa kubeba lawama. Sheria nazo zinavuta upande huo. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikapitisha ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Kampuni inayoweza kumwonyesha mteja jinsi inavyotunza nywila zake, nani anaona nini, na nini kinafutwa kazi ikiisha, inauza kitu ambacho mtu aliye peke yake hawezi kukiuza kwa urahisi, na programu haiwezi kukiuza kabisa.

Hata uchovu wa mwili unadai kazi hii ipangwe. New York ikifungua ofisi saa tatu asubuhi, Nairobi na Dar es Salaam ni saa kumi alasiri au kumi na moja jioni, kutegemea majira. Wakifunga, huku ni usiku wa manane. Msaidizi aliye peke yake hujibu ujumbe saa tano za usiku kwa hofu ya kupoteza mteja, na akiugua siku tatu mteja hutafuta mwingine. Watu watano waliofundishwa kwa utaratibu mmoja wanaweza kugawana zamu, na mmoja akijifungua mteja asihisi pengo. Hilo ndilo hasa Shirley alilolipanga kwa ajili ya wanawake wenye watoto wadogo, mwenyewe akiwa mama wa mtoto aliyekuwa na usonji mkali na aliyehitaji uangalizi wa kila saa. Wala wateja wa kwanza si lazima watoke ng'ambo. Mwenye duka Kariakoo anayepokea oda kwa WhatsApp mpaka zinampotea, au kliniki ya Mombasa yenye simu isiyopokelewa mchana, wanahitaji msaidizi huyohuyo, katika lugha anayoimudu kuliko zote na katika saa zake za kawaida.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa unafanya kazi hii, tafuta wenzako wawili au watatu ambao kazi yao ungethubutu kuitia saini yako. Andikeni bei ya kazi iliyokamilika badala ya bei ya saa, andikeni nani anakagua kazi ya nani, sajilini kampuni, na gawaneni hisa siku hiyohiyo ya usajili, kabla faida haijaingia. Na ninyi mnaosimamia vyuo vya ukatibu na mipango ya ajira za vijana, punguzeni semina za kufungua akaunti kwenye majukwaa. Fundisheni kukadiria gharama, kuandika mkataba na kukagua kazi ya mwenzako. Shirley alianza na pauni 6, simu na posta. Kampuni yake ilifikia watu zaidi ya 8,500.